Gogo Bovu la Dona Zuleide

Mkesha wa Mtakatifu Yohana, kila nyumba ikikusanya kuni za moto wa sikukuu, Dona Zuleide alikataa katakata kutoa gogo bovu lililolala uani, chini ya mpesheni wake. Humo waliishi nyuki weusi wanene, wale wanaotoboa mbao.

"Unafuga maiti," jirani yake Agenor alimtania, mtaa ukaangua kicheko. Yeye kila nyuki aliyetua kwake alimpulizia dawa, asije akamtobolea uzio.

"Nafuga vibarua, mwenzangu."

Maua yalipokuja, mpesheni wa Agenor uliyapukutisha yote bila tunda. Akaishia kupanda ngazi kila mchana, jua la utosi, akipaka chavua ua moja moja kwa kidole, kama nyuki mwenye kitambi. Kwa Dona Zuleide nyuki walivuma kutwa, na mpesheni ukazaa mpaka kichanja kilichoubeba kikalala kwa uzito.

Mwaka uliofuata, kuni zikipangwa barabarani, Agenor alibisha hodi na msumeno mkononi.

"Kuni zimewaishia?" Dona Zuleide aliuliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Si za kuchoma, mama. Na mimi nataka kufuga."

Dona Zuleide akamkatia kipande na nyuki wake ndani, akamwambia akibebe begani, apite nacho mbele ya wote waliocheka, polepole.