Mashati ya Baba Nyundo

Shemeji yangu Anaclet Mwenze hupiga pasi huku akisikiliza watu wakipiga kelele. Nasema hivyo kwa heshima zote. Mimi ni mdogo wa mke wake, kumtania ni haki yangu, na akikasirika basi kosa ni lake, nani alimtuma kuoa kwetu.

Alizaliwa Likasi, Kongo, akafika Brussels kijana, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akitia milango kwenye magari katika kiwanda cha mtaa wa Forest, mpaka kilipofungwa mwaka 2025. Jumapili yeye ndiye anayekaribisha watu mlangoni mwa kanisa letu, shati jeupe, tai imenyooka, tabasamu la shemasi. Ukimwona pale huwezi kujua kwamba moyo wake uko kwenye hevi metal. Tena si ya bendi zinazojulikana. Hizo anaziita muziki wa supamaketi. Yeye anataka demo, yaani zile kaseti za majaribio ambazo vijana hujirekodia wenyewe katika gereji ya shangazi, nakala mia moja, themanini zikabaki chini ya kitanda. Huzitafuta, huzisikiliza, kisha huzihukumu katika kijarida cha kurasa nane anachotolea fotokopi kwenye barabara ya chaussée de Wavre, kati ya duka la vitenge na ofisi ya kutuma pesa. Kina wasomaji arobaini na mmoja. Huweka sahihi ya Père Marteau, yaani Baba Nyundo, na alama anazotoa ni misumari. Ya juu kabisa ni kumi, na kumi hajawahi kumpa mtu.

Habari ya pasi ilianzia kwa dada yangu Bibiane. Yeye hutunza wazee majumbani mwao kutwa nzima, na akirudi hapendi kukuta mwanamume amenyoosha miguu anasikiliza mtu anayenguruma.

"Papa Élodie," alimwambia, kwa jina la binti yao, "kama unapenda kusikia bale bantu banalia, sikia. Lakini mikono itumike."

Basi shemeji akahamia chumba cha kufulia. Akaiweka redio kaseti yake kwenye rafu, juu kidogo ya ubao wa pasi, na hapo akagundua kwamba shati ni kipimo kizuri cha muziki. Demo ya ovyo, alisema, humfanya mtu ahesabu vifungo. Akawa anaandika hivyo hivyo kwenye kijarida: "Upande wa kwanza, mashati saba, na vifungo vyote navijua." Nilipomuuliza misumari kumi itatoka lini, alinijibu kwamba itatoka siku atakayounguza shati. Kwa miaka kumi na sita hakuunguza hata leso.

Ana sheria pia, maana mtu wa namna hii hakosi sheria. Kaseti husikilizwa kwa mashine ya kaseti, basi. Simu ni ya kumpigia mama yake Likasi na kusoma matangazo ya vifo. Mashine yenyewe aliinunua mwaka 2009 kwenye soko la mitumba la Jeu de Balle, na huipangusa kila Jumamosi kwa kitambaa ambacho sisi wengine haturuhusiwi kukigusa.

Kiwanda kilipofungwa alipata kazi ya ulinzi katika jengo moja la ofisi karibu na metro Schuman. Mwenzake wa zamu alikuwa Hervé, mtu wa Bukavu, miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kuongea kwa kupimia. Mchana mmoja wakiwa wanakula mikate yao, Hervé akakiona kibeji cha bendi fulani ndani ya koti la shemeji. Mazungumzo yakaanza.

"Miye pia nilipigaka ile muziki, papa Anaclet. Kule Forest, mwaka 2013. Tulitoaka kaseti moja tu."

"Alors? Ikafika wapi?"

"Ikafika kwa mutu moja anaitwa Père Marteau. Akaandika asema tunacheza kama batu banapandisha kabati kwa ngazi. Akatupatia misumari deux, mbili tu. Deux kwa dix. Bon, batteur wetu, ule wa ngoma, akasoma, akasema ni miye nilimuharibishia jina. Tukagombana, bendi ikakufa. Guitare yangu iko juu ya kabati tangu ile mwaka."

Shemeji aliendelea kutafuna. Aliniambia baadaye kwamba kipande kile cha mkate alikitafuna mpaka mwisho wa zamu.

Alirudi nyumbani akasukuma sahani kando. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: habari yote alitueleza yeye mwenyewe, bila kujipaka mafuta. Lakini hakuwa tayari kukubali kosa.

"Ile demo ilikuwa ya pole pole," alisema. "Nilisikia na masikio yangu. Mambo ya kweli haiombewe pardon."

Akaivuta kaseti ile kutoka kwenye sanduku lake na kwenda nayo chumba cha kufulia, kuthibitisha. Nikamfuata. Hervé alikuwa amemtumia wimbo wa kwanza kwa simu siku ileile, na mimi, kwa uchokozi tu, niliishika simu hiyo mkononi. Alipobonyeza kaseti, nami nikabonyeza simu.

Zilikwenda pamoja kwa pumzi moja. Kisha simu ikatangulia. Gitaa la kwenye simu lilikuwa likikimbia, na ngoma nyuma yake zilidunda kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kaseti ilibaki nyuma inajikokota, mwimbaji akilalama kama mzee aliyeamshwa usingizini. Simu ikamaliza wimbo. Kaseti ilikuwa bado kwenye kiitikio cha pili.

Shemeji aliichukua bisibisi akaifungua mashine. Ndani mna mkanda mdogo wa mpira, ndio unaozungusha magurudumu ya kaseti. Ulikuwa umelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Mvuke wa pasi ulikuwa ukiupiga tangu 2009. Mhakiki mwingine yeyote husikiliza akiwa amekaa sebuleni, na mashine yake inakuwa salama.

Alijikalisha juu ya kikapu cha nguo. "Thérèse," aliniita, "donc yote?"

Yote, shemeji, hukumu zote za miaka kumi na sita. Akaikumbuka bendi moja ya Namur aliyoipa misumari tisa kwa sababu ya sauti nzito ya mwimbaji, sauti, aliandika, ya mtu anayesema toka kaburini. Tukamtafuta kwenye simu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya filimbi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikamtazama shemeji, nikaona haya. Mtu huyu hakuwa na kingine cha kujivunia zaidi ya masikio yake, na nilimhurumia kweli.

Angeweza kunyamaza. Hervé hakujua Père Marteau ni nani, na wasomaji arobaini na mmoja wasingejua chochote kuhusu mkanda. Bibiane ndiye aliyekata shauri, akiwa anakunja mashuka.

"Unamuambia, ao unaacha ile kazi. Uso yako haijue kuficha kitu."

Jumamosi Hervé alialikwa kula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Tulipomaliza, shemeji akasimama wima kama anasoma matangazo ya kanisa, akaweka mezani kisahani chenye mkanda ule.

"Hervé, Père Marteau ni miye," alisema. Akaeleza pasi, akaeleza mvuke, akaeleza masikio yake.

Hervé aliuinua mkanda kwa kidole kimoja. "Ni juu ya hii? Sababu ni hii?"

"Juu ya hiyo."

"Miaka douze, kumi na mbili."

Akasimama. Nilidhani anaondoka, na nisingemlaumu. Lakini aliomba asikilizishwe kaseti vile ilivyosikika wakati ule. Shemeji akaurudisha mkanda wa zamani, na Hervé akasikiliza upande mzima akiwa amekunja mikono.

"Papa Anaclet," alisema mwishoni, "hata miye ningeandika kabati. Sasa weka mukanda mupya, andika tena. Na usiandike juu ya kunihurumia."

Shemeji akaandika. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa kukiri kosa, na kwa mara ya kwanza aliweka sahihi ya jina lake halisi. Demo ikapanda kutoka misumari miwili hadi minane. Ingekuwa vizuri kama angeishia hapo. Lakini mkosoaji ni mkosoaji, na chini kabisa aliongeza kwamba wimbo wa tatu ni mrefu mno, hata mkanda ukiwa mpya.

Hervé, aliyevumilia kabati na ngazi na miaka kumi na miwili, hakuvumilia sentensi hiyo. Wiki nzima alimpa shemeji bonjour kavu, akala mkate wake upande wa pili wa lango. Shemeji alirudi kila siku akiwa mnyonge, lakini hakufuta neno. "Alisema nisiandike juu ya kumuhurumia," alinung'unika.

Jumamosi iliyofuata kengele ililia. Alikuwa Hervé, na mkononi ana gitaa, na vumbi la juu ya kabati bado liko kwenye mfuko wake. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja chumba cha kufulia, akachomeka spika yake ndogo.

"Piga pasi," alisema.

Shemeji alichukua shati lake jeupe la kanisani, la kesho yake. Hervé akaupiga wimbo wa tatu peke yake, bila ngoma, bila mwimbaji. Mimi muziki huu siuelewi na nilikuwa nimekuja mlangoni kwa nia ya kucheka. Sikucheka. Gitaa lilikuwa likirudia jambo moja tena na tena, na kila liliporudi lilikuwa limezidi kuuma, mpaka nikamkumbuka marehemu baba yetu bila kujua kwa nini. Hata Hervé alikuwa amefumba macho.

Bibiane ndiye aliyesikia harufu, kutoka jikoni.

Mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya pasi nzima, ya kahawia, na katikati tundu. Shemeji aliliinua shati kwenye mwanga wa dirisha akalitazama.

"Bon," alisema polepole. "Ule wimbo haiko murefu."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Julai, joto la kutoa jasho hata kwa waliokaa. Shemeji alisimama mlangoni mwa kanisa kama kawaida, na koti lililofunika shati lile hakulivua toka mwanzo wa ibada hadi mwisho. Watu walimuuliza kama anaumwa. Alijibu kwamba hajambo kabisa, akaendelea kugawa vitabu vya nyimbo.