Tulivyovua Viatu vya Papa Kambale kule Walikale

Sikuondoka kijijini kwetu Kibabi kwenda mechi ya Walikale kwa mapenzi, niliondoka kwa hasira. Gazeti moja la mjini Goma lilikuwa limeandika kwamba timu yetu ya mpira haikuwa kitu mpaka Papa Kambale alipoinunulia jezi na viatu, na kwamba sisi mashabiki tunajua kunywa pombe ya ndizi kuliko kushangilia. Papa Kambale ni mfanyabiashara wa Butembo, mwenye duka kijijini kwetu, na lori. Ukurasa ule aliubandika kwenye mlango wa duka lake, tuusome vizuri! Tulimchukia na tulimhitaji, kwa maana bila lori lake tusingefika popote. Kisha akatangaza: tukifungwa Walikale, timu anaihamishia Goma.

"Unaenda kumushangilia ule mutu?" mke wangu aliniuliza, maharage yakiwa hayajapurwa.

"Hapana. Ninaenda kushangilia Kibabi."

Ijumaa alfajiri tulipanda, wachezaji na mashabiki pamoja, juu ya magunia ya maharage. Lori lile lina sheria moja: anayepanda, anasukuma. Tulipita Masisi tukiimba. Baada ya Nyabiondo milima ilianza kushuka, msitu ukatumeza, na lori likazama kwenye tope mpaka ekseli. Mwandishi wa gazeti lile, aliyekuja kuandika habari za mechi na kukaa mbele na dereva, alikataa kushuka. "Miye niko journaliste," alisema. Papa Kambale alivua koti, akaingia kwenye tope wa kwanza, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nilitamani asisukume, ili nimchukie bila tabu.

Jumamosi jioni tulifika Walikale, tumelowa chapachapa. Tulipokelewa na Mama Veronika, mjane anayepikia wageni wa misheni, kwa ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mto Lowa. Alivitazama viatu vyetu vipya vilivyopangwa ukutani, akacheka sana.

"Baba bangu, munakuja kuchezea mupira mu butope na bile? Huku mvula haiombe ruhusa."

Tulimwambia atuombee, tukala mpaka sufuria likalia.

Jumapili, baada ya misa, mvua ilinyesha kama alivyosema. Uwanja ukawa kinamasi. Vijana wetu waliteleza, wakaanguka, wakabeba tope kilo kwa kilo chini ya viatu, na wenyeji, waliocheza miguu peku, wakatufunga moja. Mapumziko yalipofika, nahodha wetu Bauma alimwendea Papa Kambale, akitweta.

"Patron, utuachilie tuvue bino viatu. Binatuua."

"Nilibinunua Kampala!" alifoka Papa Kambale. "Na journaliste? Ataandika nini?"

Mwandishi mwenyewe alikuwa amekimbilia baraza la misheni kujikinga na mvua. Hapo nilishindwa kunyamaza. Nilijua Papa Kambale ndiye anayetuuzia chumvi.

"Papa," nilisema, "sisi tunalima mu milima. Tunashika udongo na vidole vya miguu tangu butoto. Kama unataka timu ishinde, utuachie miguu yetu."

Alinisogelea, maji yakimtiririka usoni. Sikujua kama atanipiga. Kisha akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya misa, akaanza kufungua kamba za viatu vya Bauma kwa mikono yake mwenyewe.

Kipindi cha pili, Mungu wangu! Vijana walishika ardhi kama wako kwenye shamba la maharage. Tukasawazisha. Dakika za mwisho Bauma alipita watu wawili, akaupiga mpira kwa kidole gumba cha mguu, ukaingia. Nilijikuta nimemkumbatia Papa Kambale, nikilia na kuliita jina lake, mimi niliyeapa kutolitamka. Hata Mama Veronika, ambaye timu ya kwao ndiyo iliyofungwa, alicheza pamoja nasi.

Jumatatu tulirudi. Tuliimba kila kilima, tukasukuma lori tukicheka.

Wiki mbili baadaye gazeti lilifika, na mwalimu akatusomea mbele ya duka. Lilisema viatu vya Kampala vya Papa Kambale ndivyo vilivyoiangusha Walikale. Sifa zote zilikuwa zake, na wote tulimgeukia, tukingoja achukue gundi aubandike tena ukurasa mlangoni.

Alilikunja gazeti, akampa mama aliyekuwa akiuza ndagala mlangoni.

"Ufungie batu samaki," alisema. "Ule journaliste hakuona kitu. Balishinda miguu mutupu."

Chumvi yake bado ni ghali, na bado nagombana naye kila siku ya soko. Lakini safari ile imenifunza kwamba mtu anaweza kukuudhi mwaka mzima na bado akawa wa kwenu. Timu ilibaki Kibabi. Jumapili iliyofuata ilicheza peku, na aliyefika uwanjani wa kwanza, kabla hata ya Papa Kambale, nilikuwa mimi.