Kingereza Yangu Yote

Wakati wa vita, bakimbizi ba Kipese balipofika kwetu Mususa, mimi mwalimu wa Kifaransa nilijisifu kwamba najua Kingereza. Kusema kweli nilijua maneno haya tu: "Hiyo inatufaa sana." Mugeni wa misaada akaniuliza maswali mingi. Nikajibu yote hivyo, naye akaandika.

Juma iliyofuata kamyo ikafika. Mama Kahindo, mukimbizi aliyeomba jembe na bulangeti, akafungua furushi ya kwanza. Mulikuwa nyavu za kuvulia samaki.

"Mwalimu, umuambie huku ni mulima. Samaki tutavua mu shamba?"

Mugeni akaniangalia. Nikatafuta Kingereza ingine, hapana. Nikasema ile yangu. Akafurahi, akaita kamyo ya pili.