Sauti Nyuma ya Pazia

Kompyuta yangu ilikuwa nzima. Mke wangu hupenda kuanzia hapo anapowasimulia watu habari hii, na sina cha kumbishia. Ilikuwa nzima, nami nikafuta kila kilichokuwamo kwa mikono yangu ili niiwekee mfumo mwingine wa kuiendesha, Linux ya aina inayosifika kwa ugumu. Hupewi madirisha wala vitufe vya kubofya. Unapewa skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na programu unazijenga moja moja kwa kuandika amri.

Watu huniuliza kwa nini nijitese. Nilikuwa fundi umeme kwenye mgodi wa Buzwagi, nikahudumia mitambo ambayo niliruhusiwa kuigusa nje tu. Ya ndani yalikuwa ya wengine. Niliporudi hapa mtaani Kambarage nilitaka walau kitu kimoja, hata kiwe kikuukuu, nikijue mpaka utumbo wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kwa furaha. Siku mtandao ulipokubali kushika, nilimwita mke wangu aje aone. Akatazama ile skrini nyeusi, akaniuliza, "Sasa hapo nione nini?"

Kisha mama mkwe akaja kutoka Ushirombo.

Alikuja kwa jambo moja. Mzee wake, baba wa mke wangu, alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mimi ndiye niliyewahi kumrekodi akisimulia habari za ng'ombe wake. Rekodi nilizihifadhi pembeni kabla ya kufuta chochote. Si mjinga kiasi hicho. Mama alitaka kuisikia sauti ya mumewe, kisha arudi na basi la mchana.

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya kilekile.

Simu yangu ilikuwa kwa fundi ikibadilishwa kioo, ya mke wangu ni kitochi cha kupigia tu, na redio ya jirani ilizikataa rekodi zile za mtindo wa zamani. Ilibaki kompyuta tu, tena bila simu ya kuipa mtandao wala mtu wa kumuuliza.

Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Basi yeye alikuwa sebuleni, mimi koridoni, pazia katikati, na waya wa umeme wa kompyuta umepita chini yake. Shikamoo yangu ilipitia hapo, na marahaba yake ikarudi kwa njia hiyohiyo. Mengine yote aliyabeba mke wangu.

"Mama anauliza kama umeshakunywa chai."

Nilielewa. Mama mkwe hamhimizi mkwewe; humuulizia chai.

Nikaamua kwamba kiini cha mfumo kilijengwa bila programu ya kuendesha sauti, nikaanza kukijenga upya. Maandishi yakawa yanateremka, feni ikavuma, na mimi nikajiona fundi kweli. Kilipokwisha, nikabonyeza. Kimya.

"Mama anauliza kama jua halikuunguzi huko ulipo."

"Niko koridoni!"

"Nimemwambia. Kasema nikuulize tu."

Tulicheka kidogo, halafu kicheko kikanikauka. Niliogopa. Upande wa pili wa kitambaa alikaa mwanamke aliyesafiri kumsikia mtu wake, na mchezo wangu ndio uliomzuia. Kile nilichokuwa nakiita kujua vitu kwa undani nikakiona ni ubishi wa mtu mwenye nafasi. Nikaacha kubonyezabonyeza. Nikafungua maelekezo yaliyomo humohumo kwenye mashine, nikayasoma taratibu, mstari kwa mstari, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu asubuhi.

Sauti ilikuwepo muda wote. Mfumo ule ukishawekwa, sauti huja imezimwa, mpaka mwenyewe uiwashe. Herufi moja tu kwenye kibodi. Nilikuwa nimebomoa nyumba kwa sababu ya komeo.

Nikaiwasha. Mzee akakohoa, akaanza kuwataja ng'ombe wake kwa rangi na pembe zao. Sebuleni hakuna aliyejongea. Akafika kwa dume moja jeusi, kisha akakatisha maneno, akapaza sauti kama mtu anayeongea na aliye uani:

"We mama! Ndama wamefungwa?"

Siku ile nilipomrekodi hakujibiwa. Namkumbuka akingoja kidogo, kisha akaendelea na dume lake.

"Wamefungwa, baba," mama mkwe akasema nyuma ya pazia. "We kaa, utulie."

Nikasimamisha rekodi, kwa sababu machozi yalinizuia kuiona skrini. Ndipo mama, ambaye tangu nimuoe binti yake hakuwahi kunipa neno zaidi ya salamu bila mtu wa kulibeba, akanisemesha mwenyewe.

"Baba, rudisha hapo aliponiita."

Nikarudisha. Mzee akauliza, na mama akamjibu tena kuwa ndama wamefungwa.