Tangi la Msikiti na Mguu Wangu wa Kushoto

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba kijana aliyesoma vitabu vichache juu ya ukame anafaa kukabidhiwa maji ya msikiti.

Vitabu vyenyewe nilivipata kazini. Nilikuwa mpokea wageni katika nyumba moja ya kulala wageni Mji Mkongwe, na wageni husahau vitu viwili chumbani: chaja na vitabu. Chaja huja kuziulizia. Shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo nikavisoma kwa kamusi, kila ukurasa mara mbili, ile ya pili kuhakikisha kwamba ya kwanza nilisoma sawasawa. Vingi vilihusu mambo yaleyale: vijiji, imani za watu wake, na ardhi inayowageuka. Mto unakauka, wazee wanakutana, jamii inaamua. Niliipenda sana ile jamii ya vitabuni. Iliamua kwa sentensi moja na hakuna aliyekohoa.

Nyumba ya wageni ilipofungwa kwa ukarabati, nikarudi kijijini Matemwe kwa shangazi yangu aliyenilea. Vuli ilikuwa imepita bila mvua ya maana. Kisima cha msikiti kilishaingia chumvi, chumvi ikaila pampu, na watu wakakisusa pamoja na ndoo yake na kamba yake. Msikiti ukabaki na tangi kubwa jeusi, lililojazwa na boza, lori la maji, kila Jumamosi. Ndani ya ukuta tulitawadha wanaume. Nje ya ukuta palikuwa na bomba moja la wanawake, wateke maji ya kunywa na kupikia. Tatizo ni kwamba tangi lilikuwa likikauka kabla ya Ijumaa, na kamati ya msikiti ikaanza kusema bomba la nje lifungwe. Lingefungwa, shangazi angelazimika kuteka kule barabara kuu, naye ana magoti yanayolalamika hata kupanda kizingiti.

Nikamwendea imamu, nikamweleza yote niliyosoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nadhani alilijutia.

"Basi msomi, shika ufunguo wa mahali pa kutawadhia," akaniambia. "Maji yakidumu mpaka Ijumaa, bomba la kina mama halifungwi. Yasipodumu n'talifunga, na shangazi yako utamjibu mwenyewe."

Nikafunga mabomba ya ndani nikaacha moja. Nikakusanya makopo ya maziwa, nikabandika karatasi ukutani: Kopo moja latosha. Karatasi hiyo niliiandika upya mara nyingi, kwa sababu kila mara kulikuwa na herufi moja iliyosimama upande.

Muadhini wetu, mtu mrefu kuliko mlango wa msikiti, aliligeuzageuza kopo mkononi. "Yakhe, haya maji kabla hayajafika miguuni kwangu yanaomba ruhusa kurudi."

Walinung'unika, lakini wakatii. Asiyetii nilikuwa mimi.

Hapa lazima niseme wazi: nina wasiwasi wa udhu. Nikifika mguu wa kushoto, moyo huniuliza, kisigino kimepata maji? Nikikiosha tena, huuliza habari ya kiwiko. Nikikiosha kiwiko, sikumbuki kama nilitia nia, basi huanza upya. Kopo moja kwangu lilitosha kusukutua tu. Na kwa kuwa ufunguo nilikuwa nao mimi, nilikuja kabla ya adhana, msikiti ukiwa mtupu, nikatawadha mpaka niridhike. Sikuwahi kuridhika, adhana ndiyo iliyoniokoa kila mara. Wallahi sikuona uhusiano wowote baina ya jambo hilo na tangi. Mimi nilikuwa katika ibada. Wanaomaliza maji walikuwa watu wengine.

Wiki ya kwanza tangi lilikauka Alhamisi. Wiki ya pili, Jumatano. Nikashuku mbuzi. Nikashuku vijana wanaotoka kucheza mpira. Nikamshuku muadhini kwa ajili ya miguu yake, nikamwambia hivyo imamu. Nikajibanza nyuma ya mlango kumvizia mwizi, na nilipochoka kuvizia nikaenda kutawadha.

Jumatano hiyohiyo, baada ya Alasiri, imamu akaita kamati kwenye baraza ya msikiti. Nje ya ukuta kina mama walikuwa wamekaa juu ya ndoo zao, wakisubiri kusikia hatima ya bomba. Nilikuwa nimeandaa hotuba, na katika hotuba ile nilijisikia kama niko ndani ya vitabu vyangu.

"Jamii yetu," nikaanza, "ni kama chombo kimoja cha maji. Na miongoni mwetu yupo anayekitoboa. Namwomba, kwa hiari yake, ajitaje."

Upande wa pili wa ukuta mtu akacheka. Kicheko kile nakijua tangu nikiwa natambaa.

"We mwanangu!"

"Naam, shangazi."

"Leo Adhuhuri, kabla ya adhana, mlikuwa wangapi humo ndani?"

"Peke yangu."

"Peke yako? Sie huku tunaulizana nani kafariki, twadhani maiti anakoshwa!"

Kina mama wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Na jana? Mie hapa bombani maji yananitokea kwa tone, humo ndani yanamwagika kama masika. N'kasema alhamdulillahi, mvua imekuja. N'kaenda mbio kuanua nguo!"

Muadhini akainyoosha miguu yake, akaitazama kwa huruma, kisha akanitazama mimi. "Miguu hii imesengenywa bure."

Nilicheka kidogo ili nifanane na wenzangu. Lakini mjumbe mmoja wa kamati hakucheka. "Makubaliano ni makubaliano," akasema. "Tangi halikudumu. Bomba lifungwe." Nje, kicheko kikakatika. Nikasikia shangazi akijizoazoa kusimama, na goti likilia.

"Nifungieni mimi," nikasema. Haikuwamo katika hotuba.

Imamu akanigeukia. "Maji ya chumvi yanaharibu udhu?"

"Hayaharibu. Hata ya bahari yanatwaharisha."

"Kumbe unalijua hilo. Na kisimani huendi kwa nini?"

Jibu lilikuwa kamba, maana pampu ilishakufa na ndoo huvutwa kwa mkono.

"Kuanzia Magharibi ya leo wewe utatawadha kisimani. Teka utakacho, hapana atakayekuuliza. Bomba la kina mama tulipe wiki moja zaidi."

Kisima chetu kirefu. Ndoo ya kwanza ilinichubua viganja. Nikatawadha, moyo ukauliza habari ya kisigino. Nikavuta ya pili, nikarudia, moyo ukauliza habari ya kiwiko. Nikaishika kamba kwa mara ya tatu, na mikono ikajibu kabla yangu: kimepata. Kimepata kabisa. Mikono yangu haijasoma fiqhi, lakini siku ile ilitoa fatwa.

"Umemaliza, baba?" shangazi akaniita kutoka upande wa bomba.

"N'shamaliza!"

"Mara hii? Huumwi?"

Kesho yake muadhini alikuja kisimani, akisema huku angalau hapana kopo. Vijana wa mpira wakamfuata, wakashindana kuvuta. Ijumaa ya wiki iliyofuata tangi lilikuwa bado na maji, na kina mama waliteka mpaka boza lilipokuja.

Bomba la nje halikufungwa. Shangazi anateka hapo mpaka leo. Mimi nimerudi kazini mjini, natawadha mara moja, na shaka ikinijia naiacha inywee yenyewe. Vitabu bado navisoma, ila nikikutana na neno jamii, najitafuta kwanza mimi niko upande gani wa ukuta.