Hoho Zisizochoma

Kila Septemba jiko letu hapa karibu na mji wa Leskovac hunukia pilipili hoho za kuchomwa, na kila Septemba wifi yangu Radojka hutushinda wote kwa kumenya. Ni mpishi wa shule, mjane, na mdomo wake haupumziki. Hoho ikitoka motoni huipuliza, huirusha mkono huu na huu, huitukana, ndipo huimenya.

Jumamosi ile hakupuliza wala hakutukana. Alimenya tu, mvuke ukifuka kwenye vidole vya kushoto.

"Wifi, vidole vimeota sugu?" nikamtania.

"Hazichomi leo," akasema.

Vidole vilikuwa vyekundu, kimoja kimetoka lengelenge. Nikamtazama usoni. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea, na alipotaka kuongeza neno lilitoka zito, kama la mlevi. Baba yangu alianza hivyohivyo.

Mama mkwe wangu Stamena, aliyemzaa Radojka, akaamua papo hapo. "Upepo huo. Nilisema msifungue dirisha na mlango pamoja, mkaniona nimechoka akili."

Huku kwetu upepo wa kati ya milango miwili ndio unaoua watu. Maradhi mengine hayana kazi. Akafunga kila tundu, akamviringisha binti yake skafu ya sufu. Kahawa yetu mezani haijapoa, mdomo ukarudi mahali pake na maneno yakanyooka.

"Unaona?" Mama akaniambia. "Joto tu."

"Mama, hiki ni kiharusi. Twende hospitali sasa hivi."

"Usimtabirie mwanangu mabaya."

"Nikamwambie nini daktari?" akadakia Radojka. "Nilipigwa na upepo, tena nimeshapona? Menya hoho zako, wifi."

Nilichoka kubishana. "Sawa. Fumba macho, nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. Ikitulia, nanyamaza."

Akanyoosha, anatabasamu. Wa kulia ukabaki. Wa kushoto ukaanza kushuka polepole, kiganja kikageuka, mwisho ukalala ndani ya beseni la maganda.

"Haya, umeridhika?" akauliza, macho bado kayafumba. "Si yote iko juu?"

Mama aliutazama ule mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini nikatoe gari, kisha akauinua kutoka kwenye maganda, akaukumbatia kifuani kwa mikono yake yote miwili. Radojka aliendelea kungoja jibu. Hakujua kwamba ameshikwa.