Masizi ya Punda wa Shoga Yangu

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kusinga maharusi nilifundishwa na mama yangu. Huku kwetu Kivinje bibi harusi anapakwa singo siku saba, liwa na mawaridi, mpaka ngozi inateleza. Zamani tulitia na karafuu, siku hizi mabinti wanasema inawawasha. Haya, nilitaka kusema habari ya punda.

Bomba la mtaani lilikauka. Shoga yangu, tuliyekaa naye mkeka mmoja chuo cha Kurani, alikuwa na punda wa kubebea chumvi, aliyeletewa na mwanawe. Mwanamke yule kukuazima hata mbuzi ya kukunia nazi ni kazi. Siku hiyo akaniita mwenyewe.

"Shoga, mchukue punda akubebee maji, utavunjika kiuno bure."

Punda kapakwa masizi shingoni, mabaka mabaka. Nikauliza, nini hiki?

"Kijicho cha watu. Wameshamtazama vibaya."

Nikaamini. Wanangu sita wote niliwapaka masizi usoni, sasa punda asipakwe kwa nini? Siku nne nilikwenda naye kisimani, mkono nimemlazia shingoni.

Baada ya wiki mbili mkono ukatoa miduara myekundu, inawasha kama upupu. Mganga wa zahanati akaniuliza kama nafuga mnyama. Nikamweleza.

"Hiyo ni choa, bibi, umeipata kwa punda. Paka dawa hii, na usimguse mtu mpaka upone."

Na mimi nilishakubali kumsinga binti wa jirani! Nilimwambia mtu mmoja tu, shoga yangu. Ningemwambia nani mwingine?

Kesho yake mama wa binti akaja, hata kukaa hakukaa.

"Pole na maradhi, dada. Shoga yako katueleza. Atasinga yeye."

Nikaenda kwa shoga yangu. Nikamkuta anasaga liwa, mikono ya gauni kaipandisha. Kwenye kiwiko ana miduara mitatu, mikubwa kuliko yangu.

"Kumbe ulijua! Masizi yalikuwa ya kuficha."

Hakuacha kusaga. "Umesinga miaka yote peke yako, shoga. Na sisi tuonje."

Nikarudi mbio kwa mama wa binti, nikamwambia amtazame shoga yangu kiwikoni kabla hajamgusa mwanawe. Akanitazama juu mpaka chini.

"Ah, dada. Huna haya? Mwache mwenzio."

Harusi ikapita, vigelegele nilivisikia nikiwa jikoni kwangu. Hazikupita wiki tatu, mama mtu akanijia na binti kajifunika gubigubi. Mgongo mzima choa. Wanataka ile dawa. Nikawapa iliyobaki, binti hana kosa.

Mama mtu akaanza kujichekesha. "Mdogo wake naye anaolewa mwakani, dada, wewe ndiye..."

Nikamwambia mkono bado unawasha. Mwongo mimi, ulishapona zamani, hata alama hauna. Na kila anayekuja namwambia hivyo hivyo.